Maili za ndege nimekusanya miaka na miaka, leo wananipa MDOLI mbele ya mama mkwe

Mzee wa Kontena:
Wakuu, msinisalimie. Natoka ofisini kwao mjini sasa hivi, naandika nikiwa ndani ya bajaji, mikono inatetemeka, na dereva ameshaniuliza kama nimefiwa.

Wale jamaa mnawajua. Siwataji, maana mwezi ujao napanda tena ndege yao hiyohiyo.

Miaka yote hii naenda Guangzhou kufuata mzigo, napanda wao tu. Kuna safari nilikuta ndege ya wengine ina bei nafuu na inafika mapema, nikaiacha, nikaenda kulala usiku kucha kwenye viti vya chuma kule wanakotubadilishia ndege. Nilirudi Kariakoo shingo imepinda, wateja nawahudumia kwa jicho moja. Kisa? Maili, zile pointi wanazokuwekea kwenye kadi kila ukipanda, zikijaa unapata tiketi. Kila nikitua inaingia barua pepe, "Hongera, mteja wetu mpendwa." Mpendwa! Mke wangu wa ndoa hajawahi kuniita hivyo.

Sasa shemeji yangu kajifungua Maskati, mama mkwe inabidi aende akamwangalie mzazi. Kikao cha familia, wajomba wamekaa, mashangazi wamekaa, daftari la michango limefunguliwa. Mimi nikasimama. Nikasema rudisheni hela zenu mfukoni, tiketi ya mama ipo kwenye kadi yangu. Mjomba mmoja akapiga makofi. Nikaletewa paja la kuku bila kuomba.

Leo asubuhi nikamchukua mama. Kavaa baibui jipya, kajifukiza udi, tumefika kabla hawajafungua. Binti wa kaunta anabonyeza kompyuta, anabonyeza, anabonyeza, utadhani anaandika tamthilia. Mwisho akanyanyua uso: "Kaka, maili zako nyingi muda wake ulishapita. Zilizobaki hazifikii tiketi. Ila unaweza kuzibadilisha kwa zawadi." Akanigeuzia kioo.

Mdoli. Kidubu cha manyoya, kimevaa kofia ya rubani.

Mama mkwe akasogea. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akakitazama kile kidubu kwa muda mrefu. Halafu kwa sauti ya chini, na adabu zake zote za Tanga: "Baba Zuhura, huyu ndiye anayenipeleka Maskati?"

Wakuu. HUYU NDIYE ANAYENIPELEKA MASKATI. Foleni nzima imesikia. Mlinzi wa mlangoni kasikia, kageukia ukutani, mabega yanacheza. Nyuma yangu kulikuwa na Mchina hajui hata "asante", naye kacheka.

Nikajikaza, nikauliza je, nikiongezea pesa? Kumbe unanunua maili za kujazia, halafu unalipa kodi, halafu unalipa ada ya shirika, ukijumlisha unakaribia bei ya tiketi ya kununua. Bure gani hiyo yenye risiti ndefu?

Na bado hajamaliza. Ananiambia kidubu kipo cha rangi mbili, nichague. NICHAGUE.

Hawa nimewafuta. Nishaurini nihamie kadi gani: Emirates, Qatar, Ethiopian, Turkish, KQ (Kenya Airways), yoyote ile. Mama tunaye hapa kwenye bajaji, kimya, kakumbatia mkoba. Tangu Posta hajasema neno. Angalau angenitukana.

Kiti cha Dirishani:
Pole sana mkuu. Swali moja tu kabla hatujaenda mbali: ulichagua rangi gani?

Binti Pangani:
Nimecheka mpaka mtoto kaamka. "Huyu ndiye anayenipeleka Maskati" 😂😂 Mama wa Kitanga hagombi, anakuuliza swali tu, unakufa mwenyewe.

Mzee wa Kontena:
Sijachagua rangi yoyote! Sijachukua mdoli! Watu mna roho ngumu.

Dokta wa Kilo:
Mleta mada, punguza jazba usikilize. Usianze na kadi ipi nzuri, anza na wewe unapita wapi. Njia yako ni Dar kwenda Guangzhou. Ethiopian wana ndege ya Addis kwenda Guangzhou, na wamo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu Desemba 2011. Ukichukua kadi moja ya muungano huo, iwe ShebaMiles yao wenyewe au Miles&Smiles ya Turkish, safari zote unaziingiza humohumo, hata siku umepanda EgyptAir au Lufthansa. Emirates hawamo kwenye muungano wowote kati ya ile mitatu mikubwa (Star Alliance, SkyTeam na oneworld), wana washirika wao wa mikataba. Skywards, kadi yao, inamfaa mtu ambaye kila safari yake lazima aione Dubai.

Halafu wewe ni mfanyabiashara, tiketi ya bure unaitakia nini? Tafuta kupanda daraja la uanachama. Ukifika Star Alliance Gold unaongezewa kilo 20 wanapopima kwa kilo, au begi moja zaidi wanapohesabu mabegi. Kilo 20 za spea za simu kila safari, piga hesabu mwenyewe.

Na usinunue tiketi bila kuangalia ile herufi ya daraja la nauli. Ofa nyingi zipo kwenye herufi ambazo ukipeleka safari kwenye kadi ya mshirika unapata robo ya maili, au hupati kitu kabisa. Kuna watu wamezunguka nusu ya dunia na kadi inasoma sifuri.

Mzee wa Kontena:
Dokta, ahsante, somo limeingia. Lakini wewe unaionaje ile kauli ya mama? Kwa sababu hakuwa na hasira. Ndiyo inayoniumiza. Aliuliza kabisa kama mtu anayetaka kujua.

Mzee wa Takwimu:
Vijana hamjui mambo haya yalikoanzia. American Airlines walifungua AAdvantage, mpango wao wa maili, mwaka 1981, wengine wakafuata mkumbo. Zamani ulikuwa unalipwa kwa umbali. Delta na United mwaka 2015 wakaanza kuhesabu dola ulizolipa, Flying Blue, kadi ya Air France na KLM, wakahamia kwenye euro mwaka 2018. Kwa hiyo wewe wa ofa na jirani yako aliyelipa ghali mnakaa hewani saa zilezile, mnashuka uwanja uleule, yeye anapata zaidi. Unapochagua kadi uliza kwanza: hawa wanahesabu njia au wanahesabu pochi?

Kiti cha Dirishani:
Mzee, mtu yupo msibani wewe unafungua darasa.

Msafiri 254:
Boss, pole kutoka Nairobi. Sisi huku KQ wako SkyTeam, wanachama kamili tangu 2010, na siku hizi wana kadi yao, Asante Rewards. Lakini kwa mtu wa Guangzhou kuna kitu watu hawaangalii: China Southern, ambao ndio wenye mji ule, waliaga SkyTeam 2019. Kuna jamaa yangu alikuwa akiwategemea hao kujaza kadi yake, siku ya siku akapata mlango umefungwa. Miungano nayo watu huachana, usiiamini sana.

Lakini boss, kuahidi tiketi mbele ya wajomba wote hao bila kucheki salio? Hiyo ni ujasiri ya kipekee.

Mzee wa Kontena:
Salio nililiona! Lilikuwa na tarakimu nyingi, nilikuwa namwonyesha hata kinyozi. Nani anasoma maandishi ya chini yaliyoandikwa kwa ukubwa wa chawa?

Bi Mdogo Sinza:
Yanasomwa kaka. Emirates maili zina miaka 3, kisha zinafutwa mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Watu wanakuimbia, unakata keki, na wao wanakata. Qatar Airways wenyewe maili zao zinaitwa Avios, zinaendelea kuishi mradi uguse akaunti, uingize au utumie hata kidogo, ndani ya miezi 36. Delta na United hazina mwisho, ila kutoka hapa Dar unaenda nao wapi kila mwezi? Mimi nimechagua Avios kwa sababu nasafiri mara moja moja na nasahau kila kitu.

Mkaazi wa Ruwi:
Mie niko Maskati kwa miaka. Shekhe, hongera ya mjukuu wa mama kwanza, hakuna hata mmoja humu aliyekupa. Pili, Oman Air wameingia oneworld mwaka 2025, kwa hiyo mwenye kadi ya Qatar au ya British Airways anaweza kukusanyia huko. Njia ya Maskati mkiwa mnaipita sana kwa ajili ya mtoto, hiyo ifikirie.

Tatu, mzazi anamhitaji mama yake sasa hivi. Mnunulieni tiketi ya pesa taslimu, mambo ya kadi yatasubiri.

Mzee wa Kontena:
Ahsante Mkaazi. Tiketi nimeshanunua, kwa hela ya mzigo. Mama akanishukuru vizuri, halafu akaniuliza, "Na hii nayo ina kidubu?" Wakuu mimi naumwa.

Binti Pangani:
😂😂😂 Huyo mama apewe jukwaa lake mwenyewe.

Jina Refu:
Bora wewe ulipoteza maili zilizokuwa zako. Pasi yangu ina majina matatu. Kwenye kadi nilijiandikisha kwa mawili. Kwenye tiketi wameunganisha la kwanza na la pili, halikuachwa hata nafasi ya kupumulia. Wale jamaa, tena hawahawa tunaowajua, wanasema jina la kwenye tiketi na la kwenye kadi si mtu mmoja. Nikatuma vipande vya bodingi pasi kudai safari zilizopita, wanajibu kwamba muda wa kudai umekwisha. Kwa hiyo kuna mtu mmoja mahali fulani, hana nafasi katikati ya jina, hajazaliwa, hajawahi kupanda ndege, na ana maili kuliko mimi.

Dokta wa Kilo:
Jina Refu, hilo ni tatizo la wengi wetu. Jiandikishe kwa jina lilelile linalosomeka kwenye pasi, na kipande cha bodingi pasi usikitupe mpaka maili zionekane kwenye akaunti. Mashirika mengi yanakupa miezi michache tu ya kudai.

Fundi Bando:
Nyie mnalia maili za miaka 3? Bando langu la wiki linakufa saa sita kamili usiku, limebaki zaidi ya nusu, nikiwa nimelala. Hao nao mnawajua. Mimi mdoli ningeuchukua kwa furaha, mimi hata ujumbe wa pole sipati.

Bi Mdogo Sinza:
Fundi usinikumbushe. Nimenunua la mwezi, limeisha siku sijui ya ngapi, nimepiga huduma kwa wateja nimesikiliza muziki mpaka nikaujua kuuimba.

Kiti cha Dirishani:
Hayo ya bando fungueni uzi wenu. Tunaopanda ndege tuna shida moja tu kubwa: watu wanaosikia unasafiri. Unamwambia mtu mmoja, kesho yake mlango umejaa mifuko. "Nibebee kimzigo kidogo." Kidogo! Nimebebeshwa dagaa wa Kigoma kupeleka Ujerumani, wamefungwa kwenye gazeti na uzi wa viatu. Ndege haijafika Addis, abiria wa mbele kaomba kubadilishiwa kiti.

Msafiri 254:
Wacha hao dagaa. Mimi nilipewa simsim na pilipili, kumbe ndani ya pilipili kuna kitu kingine cha shangazi cha tumbo. Forodha wananiuliza ni nini hiki, najua basi? Shangazi mwenyewe simu haishiki.

Mkaazi wa Ruwi:
Na huku Maskati kinyume chake. Nikitaka kuja Unguja kila mtu ana orodha: udi, halua, simu, friji. Friji wallahi. Kaniambia la mezani tu, dogo.

Jina Refu:
Kubeba mzigo usiojua ndani kuna nini ni hatari, msicheke. Watu wamefungwa kwa hilo. Mimi siku hizi nafungua kila kifurushi mbele ya mwenyewe, akinuna anune.

Mzee wa Kontena:
Wakuu, samahani, tulikuwa kwenye kadi. Mpaka sasa nina kura moja ya Star Alliance na mbili za Avios. Anayetumia Turkish yupo?

Kiti cha Dirishani:
Kufungua mbele ya mwenyewe? Jirani yangu nilimfungulia mfuko, akawaambia mtaa mzima namdhania jambazi. Mpaka leo salamu zake ni za kichwa tu.

Binti Pangani:
Afadhali huyo. Mimi nilikataa kubeba mchele wa Kyela kumpelekea binamu yangu London, nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Harusi nimeisikia kwa watu baki.

Fundi Bando:
Mchele London wanauza kila kona, huyo binamu ana matatizo.

Binti Pangani:
Si mchele wa Kyela. Wewe umewahi kula mchele wa Kyela?

Fundi Bando:
Mimi mtu wa Kahama, usinifundishe mchele. Kyela harufu tu.

Mzee wa Takwimu:
Hapo umekosea kijana. Kaa chini nikueleze kuhusu mchele.

Mgeni Jukwaani:
Habarini wakuu. Nimeona mnazungumzia safari. Kuna anayetoka Dubai kuja Dar wiki hii? Nina kimzigo changu kidogo tu.