Sifa za wanyama: ni za kuwasaidia kuishi au kupata wenza?

Swali
Tunafundishwa kwamba uteuzi asilia huhifadhi sifa zinazomsaidia kiumbe kuishi. Iweje basi tausi dume abebe manyoya marefu yanayomwelemea na kumwanika mbele ya adui? Na tuonapo sifa fulani, tutajuaje kama imetokana na haja ya kuishi au na ushindani wa kupata majike?

Jibu la kwanza
Swali hili lilimsumbua hata Charles Darwin, mwanasayansi aliyeeleza uteuzi asilia, ambaye mwaka 1860 alimwandikia mtaalamu wa mimea Asa Gray kwamba kuutazama unyoya wa mkia wa tausi kunamtia kichefuchefu. Mwaka 1871 alieleza kwa kirefu uteuzi wa kijinsia, yaani kuhifadhiwa kwa sifa zinazomsaidia kiumbe kupata wenza. Kinachohesabiwa katika mageuko ni watoto ambao kiumbe anawaacha, wala si urefu wa maisha yake. Dume anayekufa mapema baada ya kuzaa na majike wengi humshinda aliyezeeka bila kupandana.

Jibu la pili
Njia bora ya kujua ni kuibadili sifa yenyewe. Mtafiti Malte Andersson alifanya hivyo nchini Kenya kwa ndege aitwaye kwera, ambaye dume wake ana mkia wa kama nusu mita, na akachapisha matokeo mwaka 1982. Baadhi ya madume aliwakata mikia, wengine akawaongezea vipande kwa gundi, na wengine akawakata kisha akawarudishia mikia yao ileile, ili ahakikishe kwamba kukatwa kwenyewe hakuvurugi matokeo. Waliorefushiwa ndio waliopata viota vipya vingi zaidi katika maeneo yao, yaani waliwavuta majike wengi zaidi. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba waliofupishiwa hawakunyang'anywa maeneo yao, dalili kwamba mkia ule huwavuta majike na wala si silaha dhidi ya madume wenzao.

Jibu la tatu
Naongeza kwamba nguvu hizi mbili, haja ya kuishi na haja ya kupata wenza, huvutana katika sifa moja. Katika vijito vya Trinidad, samaki wadogo waitwao gapi huwa na madoa ya rangi kali pale ambapo maadui ni wachache, na hufifia pale ambapo samaki walao wenzao ni wengi.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na shingo ya twiga je?

Jibu la pili
Hapo wataalamu bado wanabishana. Mwaka 1996 watafiti Simmons na Scheepers walipendekeza kwamba shingo ilirefuka kwa sababu madume hupigana kwa kuzungusha shingo na kugongana kwa vichwa. Hata hivyo, majike wasiopigana hivyo nao wana shingo ndefu, kwa hiyo mimi naegemea upande wa malisho ya juu, yaani kwamba shingo ilirefuka ili kufikia majani ya juu mitini. Alama ya wazi zaidi ya ushindani naiona kwenye fuvu la dume, ambalo huendelea kuongezeka uzito kadiri anavyozeeka.