Dilpasand inalowa chini: kosa liko kwenye unga au kwenye nazi?

Mwanafunzi wa Unga:
Ndugu zangu, nilipokuwa nikiishi Bengaluru, mji wa India ya Kusini, nilizoea kununua dilpasand katika bekari za Waiyengar, jamii moja ya huko. Kwa asiyeijua, ni mkate mtamu wa duara, uliobapa, uliojazwa nazi iliyokunwa na vipande vya tuti fruti (matunda yaliyopikwa katika shira), ambao muuzaji huukata pembetatu kabla ya kukufungia. Tangu niondoke huko nimejaribu kuuoka mara nne, na mara zote tabaka la chini limetoka limelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai, ingawa juu umeiva na kupata rangi. Huchanganya nazi mbichi, sukari, iliki na tuti fruti usiku ili ladha ziingiane, kisha huoka asubuhi. Je, nikosoe unga au nazi? Tena, dilkush ni kitu kingine? Wenyeji walikuwa wakitumia majina yote mawili.

Mama Iliki:
Mwanangu, unga wako hauna hatia; kosa ni huo usiku. Sukari ikilala na nazi mbichi huyavuta maji yaliyomo, na asubuhi unajaza shira badala ya nazi. Kaanga nazi kwenye kikaango kikavu, kwa moto mdogo, mpaka iache kushikana lakini isibadilike rangi, uiache ipoe kabisa, na sukari uitie wakati ambapo donge la unga limekwisha kuumuka na uko tayari kulisukuma. Tuti fruti nayo ikaushe kwa kitambaa safi, kwa kuwa hutoka ikiwa na shira yake. Ukishafunika na kubana kingo kwa maji kidogo, toboa juu kwa uma ili mvuke upate njia. Usipotoboa, mvuke hurudi chini, na huko ndiko kunakolowa.

Mzee wa Joko:
Nakubaliana na Mama Iliki. Kuhusu majina, kwa Kihindi na Kiurdu "dil" ni moyo, "pasand" ni kupenda na "khush" ni furaha, kwa hiyo yote mawili yanausifu mkate uleule, na bekari moja huandika hili na jirani yake lile. Waiyengar ni Wabrahmani, yaani tabaka la makuhani wa Kihindu, wa India ya Kusini wanaomwabudu mungu Vishnu, na waokaji wengi wa jamii hiyo waliofungua bekari Bengaluru asili yao ni wilaya ya Hassan, katika jimbo la Karnataka. Kwa kuwa mila yao haili mayai, juu ya dilpasand hupakwa maziwa ili ing'ae. Anayepaka yai anapata mkate mzuri, lakini si ule uliokuwa ukiununua. Hata tuti fruti yenyewe, licha ya jina lake la Kiitaliano, kule India aghalabu ni papai bichi lililokatwa vipande vidogo, likachemshwa, likapikwa katika shira na kutiwa rangi nyekundu, kijani au njano. Ukiitengeneza mwenyewe, papai lisiwe limeanza kuiva, maana litapondeka.

Mpenda Korosho:
Mimi hutumia nazi kavu ya pakiti na sijawahi kupata tatizo hilo. Naongeza korosho na zabibu kavu, naoka kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa muda wa dakika 25 hivi.

Mama Iliki:
Nazi ya pakiti haitalowesha, ni kweli, lakini hukwaruza ulimi kama haikunyunyiziwa maziwa kidogo. Kwa anayetaka mkate ukae siku mbili tatu bila kuchacha, nitamruhusu.

Mwanafunzi wa Unga:
Nimeoka tena leo kwa nazi mbichi niliyoikaanga, sukari nikaitia mwisho, juu nikapaka maziwa. Chini umekauka. Nilikosea jambo moja tu: niliukata ungali moto, na nusu ya nazi ikamwagika kwenye sinia.

Mama Iliki:
Subiri upoe, mwanangu. Hiyo iliyomwagika ilambe tu.