Ofisi ya zamani Malindi tunataka kuifanya fleti, tuanzie wapi?

Mjukuu wa Malindi:

Asalaam alaykum jamani. Familia yetu ina jengo la ghorofa mbili Malindi, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, upande wa bandarini. Wakati wa babu lilikuwa ofisi ya biashara ya karafuu, chini ghala, juu makarani. Baadaye likapangishwa maofisi, na mpangaji wa mwisho kaondoka katuachia vyumba vimekatwakatwa kwa plaiwudi. Warithi tumekubaliana (mnajua wenyewe hili si jambo la kila siku) tulifanye fleti sita, za mbele ziangalie bahari, tupangishe watu wa kukaa, si wageni wa siku mbili.

Kaja mkandarasi, kazunguka haraka haraka, kasema: plasta ya saruji kuta zote, zege juu ya dari zote, kila fleti choo chake na jiko lake, juu ya paa simtanki tatu, kazi imekwisha. Bei yake nzuri. Lakini mama hakumpenda, na mimi nna wasiwasi. Kuta za chini zinatoa chumvi, ukipitisha kidole unga mweupe unabaki mkononi. Wajuzi mnasemaje?

Fundi Chokaa:

Waalaykum salaam mwanangu. Mama yako sikiliza maneno yake.

Ukuta huo si tofali. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo, unene nusu mita au zaidi. Unanyonya maji kutoka chini na kuyatoa kwa upepo, ndiyo kazi yake miaka yote hiyo. Ukiupiga saruji maji hayana pa kutokea, yanapanda, chumvi inakaa nyuma ya plasta na kuila chokaa ndani kwa ndani. Nje utaona pamenyooka, wageni watasifu. Hizo kuta za chini nna hakika zishapigwa saruji na mtu kabla yako. Ibandue yote, sugua chumvi kwa brashi kavu (maji usitie, utairudisha ndani), uuache ukuta wazi msimu mzima wa kaskazi ukauke. Halafu ndiyo chokaa, iliyozimwa ikalowekwa miezi, si ya mfuko uliofunguliwa asubuhi.

Hilo dogo. Kubwa ni maji ya juu. Ofisi ina choo kimoja na birika la chai, na makarani wakishatoka kazini nyumba inalala kavu. Fleti sita ni vyoo sita, majiko sita, watu wanakoga asubuhi na jioni, mashine za kufulia, mtoto kasahau bomba. Boriti za mkoko zinavumilia mengi, ila vichwa vyake vimo ndani ya ukuta, na ukuta ukiwa na maji huoza kichwa kwanza. Ukitazama katikati utaona boriti nzima, nyeusi, nzuri. Chukua bisibisi uchokoe pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye boflo, hapo hakuna boriti.

Basi vyoo na majiko yakae moja juu ya jengine, upande wa uwani, na mabomba yashuke nje ya ukuta yakionekana. Najua hayapendezi. Bomba la kuficha huvuja mwaka mzima hujui, na likijulikana ndiyo dari ishakuja chini. Na usikubali mtu akakuomba bafu la kuangalia bahari. Bahari iangaliwe ukumbini.

Simtanki: la lita 2,000 likijaa ni tani mbili. Matatu juu ya paa la boriti! Yaweke uwani, pampu ipandishe maji kwenye tangi dogo lililokaa juu ya ukuta mnene. Na zege juu ya dari ni mzigo mwengine, tena na hewa hiyo ya bandarini nondo hushika kutu, hufura, hupasua zege lenyewe.

Plaiwudi toa, hazikuwa za nyumba. Kuta usivunje. Boriti ndiyo inayopima chumba, mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu vyembamba na virefu. Mimi ningefanya fleti nne.

Bi Shangani:

Fundi kasema kweli, lakini kabla ya bisibisi kuna karatasi. Ofisi kuwa makaazi ni kubadilisha matumizi, na hilo linataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, Sheria Namba 4 ya 2010. Mji upo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo madirisha ya alumini yasahau kabisa.

Watu watakutolea mfano wa jengo la Extelecoms hapa Shangani, lilikuwa ofisi ya simu, miaka ya 1990 likafanywa hoteli na likatoka zuri. Sawa. Hoteli ina mwenyewe mmoja, paa likivuja anajua ni lake. Nyie warithi mko wangapi? Paa, ngazi, pampu na karo la maji machafu la uwani ni vya nani? Andikianeni sasa kwamba kila mwezi sehemu ya kodi inakwenda kwenye mfuko wa matengenezo kabla hamjagawana hata shilingi. Aliyekaa kwenye maghorofa ya Michenzani anajua ngazi ya watu wote inavyokuwa.

Mjukuu wa Malindi:

Ami fundi, Bi Shangani, shukran sana. Fleti nne nimewaambia, kelele zimeanza. Ami zangu wawili wanataka lifti kwa ajili ya wazee, na wanasema wazee wakikosa lifti wakae chini. Inawezekana?

Fundi Chokaa:

Lifti inataka shimo refu na kukata dari zote, kwa jengo hilo hapana. Na chini usimlaze mzee, pana chumvi na unyevu hata ukitengeneza vizuri. Chini weka duka au ofisi, kodi yake ndiyo ilipe matengenezo aliyosema Bi Shangani. Wazee ghorofa ya kwanza, ngazi itiwe mkono wa kushikia pande zote mbili.

Nitumie picha za vichwa vya boriti. Anza na za juu kabisa, chini ya paa, mvua inaingilia huko.