Naomba ushauri: soksi za kubana kwa mguu uliovimba, Kigoma

Wakuu, shikamooni. Mama yangu, tunaishi Ujiji, mguu wa kushoto umevimba mpaka vidole. Ngozi ya juu ya kidole cha pili haifinyiki. Daktari kasema ni maji ya limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake na kurudi kwenye damu) yasiyopita vizuri, siyo ule ugonjwa wa mafuta kujaa chini ya ngozi, ambao hunenepesha miguu yote miwili, huuma ukiguswa na huishia kwenye kifundo. Majirani wanadai katupiwa kitu. Inaniuma sana.

Kaambiwa afungwe bandeji ngumu zisizovutika sana, mguu ukipungua ndipo apimwe soksi. Je, zinapatikana hapa Kigoma au mpaka Tabora? Na kwa joto hili, mnamsaidiaje mgonjwa azivumilie mchana kutwa?