Tupeane uzoefu: umepelekwa kikazi mji usioujua kwa miezi kadhaa, unauzoeaje?

Kandambili
Wakuu, salaam. Watu wengi wanamaliza mkataba mji wa watu wakijua njia moja tu, ya kitandani hadi ofisini. Mwenye mbinu amwage hapa. Naanza: pakua ramani ya mji mzima kwenye simu kabla ya safari. GPS yenyewe haili bando, inapokea mawimbi ya satelaiti tu; kinachokula bando ni ramani inayoshuka. Siku ya kwanza weka alama nne: unapolala, unapofanya kazi, hospitali inayopokea dharura usiku, kituo kikuu cha usafiri. Kisha chagua barabara moja ndefu inayoukata mji, na kila mtaa unaoingia jiulize uko upande gani wa barabara hiyo.

Bi Mshale
Na kaskazini ikae juu ya ramani muda wote. Ile inayozunguka kila ukigeuka inakufikisha, ila haikufundishi kitu.

Dereva Mstaafu
Hapo napinga, dada. Unaendesha, uko kwenye mzunguko wenye njia tano za kutokea, halafu ramani ikuonyeshe kulia wakati wewe unatakiwa kukata kushoto? Utagonga watu.

Bi Mshale
Kaka, mada ni kuujua mji. Anayeendesha aisome akiwa ameegesha.

Fundi Minara
Kabla hamjashikana mashati: katikati ya maghorofa marefu mawimbi yanagonga kuta ndipo yafike kwenye simu, kwa hiyo kile kidoti kinaweza kukuweka mtaa wa pili. Usikifuate. Sogea hadi njia panda au uwazini, subiri kitulie. Mshale ukielekea kinyume, zungusha simu hewani kwa umbo la 8 mara kadhaa, na vua kava lenye sumaku kwanza. Kava ndilo mchawi mara nyingi.

Mzee wa Kona
Jifunzeni namba za nyumba. Miji mingi upande mmoja ni witiri, wa pili shufwa. Paris, mtaa unaotoka mtoni Seine namba zake zinaanzia mtoni, kwa hiyo zikipanda ujue unauacha mto. Tokyo ni habari nyingine: anwani inafuata kitalu, mitaa mingi haina jina, na nyumba namba 3 si lazima ipakane na namba 4. Halafu ukitembea, geuka nyuma kila kona. Njia ya kurudi ina sura yake.

Kandambili
Hiyo ya kugeuka nyuma naiunga mkono kwa mikono miwili.

Zamu ya Usiku
Mnaongelea kona, mimi naongelea siku simu inapoibiwa, maana simu ndiyo mji wenyewe siku hizi. Ikiondoka imeondoka na ramani, anwani na benki. Mtego uko hapa: benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya nyumbani, laini iko ndani ya simu iliyoibiwa. Unataka kurudisha eSIM, yaani laini isiyo na kadi, wanakutumia msimbo kwa barua pepe. Barua pepe nayo, ukiifungua kwenye kompyuta mpya, inadai namba iliyotumwa kwenye laini ileile. Unazunguka humo hadi kunakucha.
Dawa ni kabla ya safari. Piga *#06#, andika IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenye karatasi. Ni tarakimu 15, na simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Chapisha namba za akiba za kufungulia barua pepe bila simu, ziache chumbani. Laini ya nyumbani ikae kwenye kisimu cha pili kisichotoka chumbani. Zima meseji zisisomeke skrini ikiwa imefungwa. Weka PIN kwenye laini yenyewe, kwa sababu mwizi huichomoa na kuipachika kwenye simu nyingine, meseji za benki zikaingia kwake. Ukikosea PIN mara 3 inadai PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Ukikosea PUK mara 10 laini imekufa.

Dereva Mstaafu
Aisee. Ramani niliishasahau, naenda kuweka PIN.

Mama Ratiba
Ongezea: anwani ya unapolala iwe kwenye karatasi ndani ya pochi.

Zamu ya Usiku
Pochi yenye funguo na anwani? Si bora umpelekee mwizi na gari la kuhamishia! Andika njia panda ya jirani, namba ya nyumba ikae kichwani.

Mama Ratiba
Kichwa kinachosahau funguo kitakumbuka namba?

Bi Mshale
Turudi kwenye mada jamani. Njia ya kazini ijaribiwe asubuhi ya siku ya kazi, si Jumapili barabara ikiwa tupu. Na mkataba wa chumba usisainiwe bila kukiona usiku: kelele, presha ya maji, na kama mtandao unafika kitandani.

Mgeni Njoo
Tiketi ya mwezi inalipa?

Mama Ratiba
Gawa bei yake kwa nauli ya safari moja. Ikitoka 34, na siku za kazi ni 21, hizo ni safari 42, chukua. Ila ukikosekana siku 5 zinabaki safari 32, umepata hasara.

Mzee wa Kona
Na saa ya gari la mwisho, angalia ni ya kituo chako au ya linapoanzia, halafu muulize dereva linaishia wapi. Mengine yanakata kwenda karakana kabla ya mwisho wa njia.