Markarian 421: mwanga wa eksirei kuongezeka maradufu ndani ya saa tatu

Mwanagenzi
Habari zenu. Ninachambua data za wazi za darubini ya angani ya Swift kuhusu Markarian 421, blaza (galaksi ambayo kiini chake hurusha mkondo wa chembe kuelekea kwetu) iliyo umbali wa takribani miaka-nuru milioni 400. Grafu yangu inaonyesha mwanga wa eksirei ukiongezeka maradufu ndani ya saa tatu, ingawa kila kipande cha data hakizidi nusu saa na baada yake kuna pengo la zaidi ya saa nzima. Kitu kikubwa kama galaksi kinawezaje kubadilika upesi namna hiyo, na nitajuaje kwamba kifaa hakinidanganyi?

Nuru_Mbali
Kinachobadilika si galaksi nzima. Chanzo chochote hakiwezi kuzidisha mwanga wake kwa pamoja katika muda mfupi kuliko ule ambao nuru inahitaji kukivuka, na kwa saa tatu nuru husafiri kilomita bilioni 3.2, yaani zaidi kidogo ya umbali kati ya Jua na Uranus. Hata hivyo, usikiandike kipimo hicho kama kilivyo. Eksirei za blaza hutoka katika mkondo wa chembe unaotuelekea kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, hivyo muda tunaouona hufupishwa na eneo halisi laweza kuwa kubwa mara kumi au zaidi. Mwaka 2006 darubini za H.E.S.S. nchini Namibia ziliona miale ya gama ya blaza nyingine, PKS 2155-304, ikibadilika kwa dakika chache tu. Saa tatu si ajabu.

Mpimaji
Mapengo yanatokana na mzingo: Swift huizunguka Dunia kwa takribani dakika 96, na sehemu ya muda huo Dunia yenyewe huziba shabaha. XMM-Newton, darubini nyingine ya eksirei ya angani ambayo mzingo wake mrefu huchukua karibu saa 48, inaweza kukitazama chanzo kimoja kwa zaidi ya siku bila kukatizwa. Usiunganishe vipande vyako kwa mstari kana kwamba unajua kilichotokea katikati.

Jambo linalonitia shaka zaidi ni kihisi. Mei 2005 kimondo kidogo mno kilikigonga kihisi cha eksirei cha Swift na kuharibu safu kadhaa za pikseli. Chanzo kikiangukia hapo, fotoni (chembe za nuru) hupotea na grafu hushuka bila blaza kubadilika. Sahihisha kwa ramani ya mfichuo ya kila kipande (inayoonyesha kila pikseli ilipokea nuru kwa muda gani), kisha uangalie hesabu ya fotoni: fotoni 25 zina kosa la takribani asilimia 20, ilhali 400 zina asilimia 5.

Mwanagenzi
Nashukuru. Nilikuwa nimetumia ramani moja kwa vipande vyote. Baada ya kusahihisha, mshuko mmoja umetoweka kabisa, ila ongezeko la saa tatu limebaki.

Mpimaji
Basi angalia pia mrundikano. Chanzo hiki hung'aa sana, na fotoni mbili zikiangukia pikseli moja kwa wakati mmoja huhesabiwa kuwa moja yenye nishati kubwa zaidi, hivyo kilele chako huenda kiko juu kuliko ulivyokipima.