Mrejesho: pensheni yangu na serikali kuishiwa hela

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hamkuiona, niliuliza hivi bajeti ya serikali ikipelea, pensheni ya sisi watumishi wa umma inaweza kukatwa au ni maneno ya vijiweni tu? Mmoja wenu akaniambia niache kubishana nikachukue taarifa ya michango yangu kwenye mfuko wa pensheni, nikaenda, aisee! Nimeweka slipu za mshahara pembeni ya ile karatasi nikawa nashuka na kidole mwezi kwa mwezi, kwenye slipu makato yapo yote ila kwenye mfuko kuna miezi saba mitupu, yani hela yangu imekatwa na mwajiri hajaipeleka, wala ya kwake hajaweka. Kumbe hela ikiwa ngumu hawaanzi kugusa pensheni yenyewe, wanachelewesha michango maana haipigi kelele.

Aliyetaja Detroit, ule mji wa Marekani, nae alikuwa sahihi, mji uliomba mahakamani kutambuliwa umefilisika 2013 na wastaafu wake wa kawaida wakaja kukatwa asilimia 4.5 ya pensheni na nyongeza ya kila mwaka ikafutwa, polisi na zimamoto pensheni yao ya msingi haikuguswa.

Barua ya kuulizia hiyo miezi saba nimepeleka, nakala yangu imegongwa muhuri. Wamesema nisubiri wiki mbili, haya.